Jiwe Mbele ya Hoteli Yangu

Barabara ya mji wetu inateremka. Ukitoka Bwera kwenda mpaka wa Kongo unaweza kuupita bila kujua kwamba ni mji, isipokuwa breki zako ziwe mbovu, maana hapo utatufahamu wote kwa sauti. Kwa sababu ya mteremko huo kila dereva wa hapa ana jiwe lake, jiwe la mviringo lililotolewa mtoni. Akisimama anakinga gurudumu nalo. Akiondoka analiacha palepale pembeni mwa lami, nalo linabaki kumshikia nafasi mpaka arudi.

Desturi hii haikuandikwa popote, na labda ndiyo maana tunaifuata. Unaweza kumsema dereva, ukamsema na mama mkwe wake, lakini jiwe lake hutaligusa. Akiuza gari, anakuja mwenyewe mchana, watu wakiona, analibeba na kulirudisha mtoni. Akifa, mke wake ndiye anayeliondoa. Basi mwanamke akionekana asubuhi anavingirisha jiwe kutoka barabarani, hakuna anayemuuliza kitu. Watu wanarudi majumbani kuchukua kuni na ndizi, halafu wanakuja kulia.

Mbele ya hoteli yangu kulikuwa na jiwe la namna hiyo. Nikisema hoteli usifikirie vitanda. Ni meza chache, benchi, na jiko la nyuma ambamo napika bundu, yaani ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwani Katunguru siku ambazo samaki wa Katunguru wanakubali kufika wakiwa na heshima zao. Jiwe lilikuwa la Mkongomani mmoja, dereva wa lori, aliyepanga chumba changu cha uani pamoja na mke wake. Walikuwa wametoka upande wa Beni wakati watu wengi walipokuwa wakikimbia vita huko, wakaja na magodoro, rozari kubwa ya ukutani na lori lenye umri wa babu yangu. Kwao wanaendesha kulia, sisi kushoto, na yule bwana alikuwa akilikumbuka jambo hilo akishafika mlangoni kwangu. Kwa hiyo lori lake liliegeshwa siku zote likitazama lisikotakiwa kutazama. Nilimvumilia kwa sababu alikula vizuri na alisifu sombe yangu mbele za watu.

Alikuwa akivusha chumvi na sabuni, akirudi na mawese. Safari moja alivuka hakurudi. Simu yake ikaanza kujibiwa na yule mwanamke anayesema mteja hapatikani, na mwanamke yule simpendi tangu siku hiyo. Wasafiri waliofika kutoka kule walileta habari za kila aina. Mmoja alisema njia imefungwa. Mwingine alisema ameliona lori limesimama mahali, halina mtu. Mke wake aliwasikiliza wote, akawashukuru, kisha akarudi sokoni kuuza vitenge vyake. Jumamosi ilipofika alitoka na ndoo na sabuni, akaliosha jiwe.

Aliliosha kila Jumamosi. Lile jiwe lilikuwa safi kuliko vikombe vya hoteli moja ya jirani ambayo sitaitaja, ila ni ile ya upande wa chini, inayopika sombe bila karanga.

Sitajifanya mtakatifu. Jiwe lilinikera. Madereva wenye njaa walifika, wakaona nafasi imeshikwa, wakateremka hadi kwa yule wa sombe bila karanga. Nilimwambia kila siku kwamba mume wake ananifilisi hata akiwa hayupo. Alicheka, akasema, "Yaya, atafika." Mimi ndiye yaya, dada mkubwa. Kunung'unika kwangu kulikuwa mambo ya nyumbani, kati yangu na yeye na jiwe. Halikuwa jambo la mtu mwingine kuingilia.

Ndipo wakubwa wa mji wetu walipoamua kuingilia.

Walikuwa wametembelea mji mkubwa zaidi, wakaona magari yamepangwa kama mayai kwenye trei, wakarudi na wivu. Tuliitwa ukumbini kusomewa sheria mpya za barabara na maegesho. Nilikwenda nikiwa nimevaa vizuri, maana sheria ni kama harusi, mtu haendi ovyo. Mwenyekiti alisoma. Magari yote yataegeshwa upande wa kushoto. Boda zitakaa kwenye steji zao. Mbuzi hawatafungwa kwenye nguzo za umeme. Magari yote yatapunguza mwendo kwenye mzunguko. Hapo mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliuliza mzunguko wetu uko wapi. Mwenyekiti alitazama karatasi, akageuza ukurasa, akasema unakuja. Ilikuwa dhahiri kwamba sheria za mji ule zilinakiliwa nzima nzima, pamoja na vitu tusivyo navyo. Mpaka leo wako vijana wa boda wanaolizunguka pipa la taka la sokoni, kwa utii tu.

Tulicheka sana. Kisha akasoma kifungu cha mawe. Hakuna jiwe litakaloachwa barabarani. Kila mwenye jiwe, au mtu wa nyumbani kwake, aliondoe kabla ya wageni wa wilaya kuja kuzindua utaratibu mpya.

Madereva waliokuwepo hawakuwa na shida, wangebeba mawe yao na kuyaweka ndani ya magari. Lakini watu wote walimgeukia mpangaji wangu, kwa sababu jiwe lenye mwenyewe asiyekuwepo lilikuwa moja tu, na mtu wa nyumbani kwake alikuwa huyo aliyekaa kando yangu akikunja ncha ya kitenge.

Alisimama. Sikuwahi kumsikia akizungumza mbele ya watu. Alisema polepole, kama anayehesabu nguo za kufua.

"Mimi sikatale sheria. Lakini nikitosha ile jiwe kwa barabara, munajua wenyewe maana yake. Mutakuja kwangu na kuni, mutalia. Na mimi bado sijalia. Musiniwekee matanga ya mutu mwenye iko muzima."

Akakaa. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Yeye ni mtu wa hapa, jiwe la kaka yake liliondolewa na shemeji yake tukiwa wote tunaona. Alisema kifungu kinabaki kama kilivyo, na utekelezaji utasimamiwa na ofisa wa maegesho. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya wakiona kitu kizito, wanampa mwingine abebe.

Ofisa wa maegesho alikuwa mwanajeshi mstaafu, mzaliwa wa Munkunyu, mwenye filimbi, jaketi la kung'aa na sauti ya kuamsha kambi. Tulimwita afande, naye alilipenda jina hilo. Kesho yake alifika mlangoni kwangu kabla chai haijachemka, akasimama mbele ya jiwe mikono kiunoni.

"Mama, hii jiwe inatoka leo."

Nilimwambia kama inatoka, aitoe. Alinitazama kana kwamba nimemtukania ukoo. Alisema yeye hawezi, sheria inasema mwenye jiwe au mtu wa nyumbani. Nikamuuliza kama kweli ni sheria inayomzuia. Akaagiza chai. Alijua kama ninavyojua mimi kwamba mtoto wa milima hii hagusi jiwe la mtu, hata akiwa amevaa jaketi la kung'aa.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Anakuja, analiamrisha jiwe, anakunywa chai. Siku moja alilipigia filimbi. Naapa nilimwona, alilipigia filimbi jiwe, akasubiri, kisha akatazama kushoto na kulia kama kuna aliyeona. Mama wa vitenge alikuwa akipita na mzigo wake kichwani kwenda sokoni. Alimwamkia kwa adabu, akamuuliza habari za nyumbani. Afande alisema nzuri, akajifanya anakohoa.

Kisha alikuja fundi wa kupaka rangi. Alitumwa kuchora mistari myeupe ya maegesho, na hakuna aliyemwambia lolote kuhusu jiwe. Aliuvuta mstari wake vizuri kutoka juu, akafika hapo, akasimama. Aliuliza jiwe ni la nani. Nikamwambia. Aliinama tena na brashi yake, mstari ukalizunguka jiwe kwa adabu, ukarudi njiani, ukaendelea kuteremka. Nilimpa bundu na sombe bila kumwambia kitu. Afande alipouona ule mstari wenye tumbo, alikaa kwenye benchi langu akashika kichwa.

Mchezo uliisha siku wageni wa wilaya walipotangazwa. Afande alikuja jioni na hakuagiza chai, nikajua kuna jambo. Alisema ametafuta kibarua, mtu wa mbali, asiyejua mambo yetu. Mtu huyo atakuja asubuhi kabla ya wageni, atalibeba jiwe na kulitupa mtaroni, na hapatakuwa na mtu wa hapa aliyeligusa. Alilisema hilo akiangalia viatu vyake. Nilikasirika, nikautupa mwiko ndani ya sufuria. Nilimwambia jiwe likiwa mtaroni, litakuwa mtaroni, na mwenzangu atakuwa mjane kwa mkono wa kibarua, na yeye afande atakunywa chai wapi? Alisema kazi ni kazi. Aliondoka akiwa mdogo ndani ya jaketi lake.

Asubuhi nilimwita mwenzangu mapema. Nilikuwa nimeogopa atalia, nikakuta ameshavaa gauni la kanisani na ameshachagua kitenge kizuri kuliko vyote alivyonavyo, chenye maua ya manjano. Tulilifunika jiwe nacho, tukakikunja chini kwa unadhifu, tukaweka pembeni yake meza yangu ndogo yenye birika na sahani ya maandazi. Kibarua alipofika aliuliza jiwe liko wapi. Nilimuuliza jiwe gani. Alitazama juu na chini ya barabara, akaona kiti kimoja kizuri na akina mama wawili wenye maandazi, akanunua andazi akaenda zake.

Wageni walikuja wakitembea, kwa sababu walitaka kuonekana wakitembea. Jua lilikuwa kali, na mkubwa wao alikuwa mtu mnene mwenye suti ya siku za baridi. Alipofika kwangu alikuwa ameloa. Aliona kitenge cha maua, akashukuru Mungu, akakaa. Mwenyekiti wetu alifumba macho. Afande, aliyekuwa nyuma yao, alibana mkono wa saluti kwenye kofia akasahau kuuteremsha. Mgeni alikunywa chai, akala andazi, akasema miji mingi haiweki akili yake kwenye mahali pa kupumzikia wananchi, na kwamba kiti hiki ni imara sana. Mwenzangu alimwongezea chai. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa sanamu ya kanisani, lakini chini ya meza alinifinya mkono hadi nikapata alama.

Baada ya hapo hakuna aliyelisema tena jiwe. Afande alirudi kwenye chai yake. Mvua zikaja, watu wa Maliba wakateremsha maharage yao, madereva wakazoea mistari, na lile tumbo la mstari mweupe likabaki mbele ya hoteli yangu bila gari. Ila Jumamosi moja nilimwona mwenzangu ameinama na sabuni yake juu ya jiwe, mkono umesimama, hasugui. Nilimwita. Aliendelea kusugua. Sikumtania tena juu ya nafasi ile, na yeye aliliona hilo, na nadhani lilimtisha zaidi ya afande.

Ilikuwa alasiri, kwenye mvua ile inayofukuza watu wote barabarani. Nilikuwa nimesimama mlangoni naangalia maji yakiosha lami nikaona mtu anapanda mteremko kutoka upande wa mpaka, anatembea katikati ya barabara kama hakuna sheria. Hakuwa na mwavuli wala mzigo. Alikuwa na ndevu, na suruali iliyofungwa kamba. Alifika kwenye mstari wa maegesho, akaufuata kwa macho mpaka kwenye tumbo lake, akaliona jiwe lake. Akalikalia. Alikaa hapo mvuani, mikono juu ya magoti, kwenye nafasi ya lori, na ndipo nilipomtambua, kwa sababu alikaa akitazama upande usiotakiwa.

Sikupiga kelele. Nilipita jikoni, nikatoka uani, nikagonga mlango wa chumba chao. Nilitaka kumwandaa, nikasema ovyo, nikasema kuna mtu ameegesha mbele. Alinitazama mara moja akatoka bila viatu.

Sikuwafuata. Nilibaki jikoni, nikapika, nikakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika ili niwe na sababu. Habari nilizipata kidogokidogo baadaye. Lori lilibaki huko, watu wote walipokimbia njiani naye alikimbia, akapita porini, akaugua kwa watu waliomhifadhi, akapona, akaanza kutembea. Mke wake hakumuuliza lori liko wapi. Namwambia msomaji jambo hilo kwa sababu mimi ningeuliza.

Asubuhi, mvua ikiwa imekatika na watu wakifungua maduka, mama wa vitenge alitoka barabarani. Alipandisha gauni, akainama, akaanza kulivingirisha jiwe kutoka kwenye mstari. Mume wake alikuwa ndani, mgongo wake haukuwa wa kuinua kitu. Nilikuwa jikoni nawasha moto, sikuona. Mji mzima uliona.

Nimemuuliza mara nyingi tangu siku hiyo, yeye aliyesimama ukumbini akatueleza maana yake, alifikiri nini. Anajibu vilevile kila mara. "Yaya, nilisahau kama huu muji iko na watu."

Mimi nilichosikia ni kilio. Kilianzia kwa wauza nyanya, kikapanda barabara, na nilipotoka walikuwa wanakuja, wanawake wamefunga viuno kwa leso, wanaume na kuni mabegani, mwenyekiti na mkungu wa ndizi, hata yule wa sombe bila karanga, na sufuria yake. Mbele yao wote alikuwa afande. Jaketi alikuwa amelivua. Alibeba furushi kubwa la kuni, na machozi yalikuwa yakimtiririka waziwazi mpaka kwenye masharubu. Alisimama kwenye tumbo la mstari palipokuwa jiwe, akashusha kuni, akapiga saluti kwa nafasi tupu.

Kisha akaingia hotelini kumpa mjane pole.

Mjane alikuwa akipakua sombe. Mezani, amenyolewa ndevu nusu, alikaa mume wake na tonge la bundu mkononi. Jiwe lilikuwa ndani, limewekwa nyuma ya mguu wa kiti chake, vizuri kabisa, kama linavyowekwa nyuma ya gurudumu la lori lililojaa. Afande alitazama mtu, akatazama jiwe, akatazama mtu. Nyuma yake mlango ulijaa watu wenye kuni, kilio kikawa kinafia midomoni mwa mmoja mmoja. Mtu mmoja wa nyuma ambaye hakuwa anaona aliendelea kulia peke yake, ikabidi aambiwe.

Afande alijifuta uso kwa kiganja. Alilinyooshea jiwe kidole, na sauti yake ikarudi.

"Hii iko ndani ya nyumba. Sheria haina neno."

Kicheko kilichotoka hapo sijapata kukisikia tena katika mji huu. Watu walishikana, mwenyekiti alikaa chini na mkungu wake. Mimi nililia. Nasema wazi, nililia kwa sauti, kuliko wote waliokuja kulia, na kuni zao sikuzirudisha, nilipikia mpaka mvua zilipoisha.

Yule bwana aliona haya kwa watu wote hao waliokuja kumzika. Aliweka tonge chini, akataka kusimama awape mkono. Alisukuma kiti nyuma. Kiti hakikwenda.

Mke wake hakugeuka kutoka kwenye sufuria.

"Kaa," alisema. "Kula kwanza."

Akakaa.